Donda la Mguu Lisilopona na Moto Ulio Chini ya Ngozi



Ndugu wasomaji, wenyeji wetu Wazulu huuita muwa umoba, na eMobeni maana yake ni penye miwa. Miwa yenyewe imekwisha kitambo. Mahali pake pamesimama viwanda na maghala, na katika malango yake jioni hutoka watu wengi wa kwetu: wapiga pasi, wapakiaji, wafagizi, walinzi wa usiku wanaopishana na wa mchana. Kazi hizi hutofautiana kwa ujira na kwa jasho, lakini nyingi zina jambo moja la pamoja, nalo ni kusimama. Mtu husimama mahali pamoja juu ya sakafu ya saruji saa nane au tisa, kisha akirudi nyumbani husimama tena jikoni.

Mwezi wa Shaabani tulikwenda kumjulia hali mama mmoja, mtu mzima wa rika letu, aliyefanya kazi ya kupakia kwa miaka kumi na tisa katika kiwanda kimoja cha hapa. Nyumba ilikuwa imefukizwa udi, na udi ule ulikuwa mwingi kupita kiasi kwa saa nne za asubuhi. Tulipokwisha kunywa chai, binti yake akamwambia, "Mama, mwonyeshe Mwalimu." Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akainua upindo wa kanga, nasi kwa kuwa ni wanawake wenzake tukaona: juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani, donda pana kama kitanga cha mtoto, lenye maji maji, na ngozi iliyolizunguka imekuwa nyeusi, kavu, inang'aa kama ngozi ya ngoma. Lilikuwa na miaka minne.

Katika miaka hiyo minne alikuwa ametia chumvi, manjano, karafuu iliyosagwa, unga wa vidonge vilivyopondwa, na dawa ya buluu ya dukani. Alikuwa amekunywa viuavijasumu mara saba. Mtu mmoja alimwambia kwamba amekanyaga kitu alichotegewa, akamtoza fedha nyingi kwa kumwambia hivyo. Hospitali hakutaka hata kuisikia, kwa sababu jirani yake mwenye kisukari aliingia na miguu miwili akatoka na mmoja. Tena alikuwa amekwisha kuagiza auliziwe nauli ya kurudi Mombasa, ili kama ni kukatwa, akakatwe kwao.

Tumeandika habari hii kwa idhini yake, na kwa sababu tunaamini hayuko peke yake.

Damu hushuka miguuni kwa urahisi, kwani moyo huisukuma na ardhi huivuta. Kazi ipo katika kupanda. Mishipa inayoirudisha damu moyoni, ambayo huitwa vena, haina pampu yake yenyewe. Pampu ni shavu la mguu: kila tunapopiga hatua, misuli ya shavu huzikamua vena za ndani, damu ikapanda. Ili isirudi chini, Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya vena vali, yaani vijilango vyembamba vinavyofunguka kuelekea juu tu. Fabricius, mwalimu wa tiba katika mji wa Padua, alivieleza vijilango hivyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1603, na mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, akavitumia mwaka 1628 kama mojawapo ya hoja zake za kuthibitisha kwamba damu huzunguka. Watu wetu hupenda kukumbushwa, na ni haki kukumbushwa, kwamba Al-Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 1013, alikuwa ameshaeleza namna ya kuzipasua na kuzitoa vena zilizovimba na kujipinda miguuni.

Mtu akisimama wima bila kutikisika, shinikizo la damu ndani ya vena za kifundoni hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki hivi. Akianza kutembea, na vali zake zikiwa nzima, hushuka hadi chini ya 30. Hiyo ndiyo nafuu inayopatikana kwa kutembea. Lakini vali zikiharibika, kwa urithi, kwa mimba nyingi, kwa unene, kwa kusimama miaka mingi, au kwa donge la damu lililowahi kuziba vena, mtu hutembea na shinikizo halishuki inavyopasa. Mama yetu huyu, baada ya uzazi wake wa mwisho, alivimba mguu mmoja mpaka pajani kwa wiki tatu. Aliambiwa ni uchovu. Kwa maelezo yake tunadhani lilikuwa donge la damu, na vali za mguu ule hazikuwa na salama tena tangu siku hizo.

Mpaka hapa jambo linaeleweka kama bomba na maji yake. Swali ni hili: kwa nini shinikizo tu litoboe ngozi? Waganga wa kisasa walilihangaikia swali hili karibu karne nzima. Mwaka 1917 John Homans wa Marekani aliandika kwamba damu iliyotuama haina hewa ya kutosha, kwa hiyo ngozi hufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 1982 Browse na Burnand huko London wakasema kwamba protini ya damu huvuja na kuvizunguka vijishipa vidogo kama ala ya upanga, ikaizuia hewa isipite. Kisha mwaka 1988, huko huko London, Coleridge Smith na wenzake wakatoa rai nyingine iliyogeuza mazungumzo: watazameni askari.

Askari wenyewe ni chembechembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na vijidudu. Watafiti waliwaketisha wagonjwa miguu ikining'inia, kisha wakahesabu chembechembe nyeupe katika damu inayopanda kutoka mguuni. Ilikuwa hesabu ya kutoa, ya darasa la pili: zilizoshuka ni nyingi, zilizorudi ni chache. Nyingine zilikuwa zimebaki mguuni, na katika miguu yenye ugonjwa zilibaki nyingi zaidi kuliko katika miguu mizima. Zilibaki zikifanya nini?

Zilibaki zikipigana na adui asiyekuwepo. Utafiti uliofuata umeeleza hivi. Ukuta wa ndani wa vena hutulia damu inapopita juu yake kwa mwendo mzuri wa kwenda mbele. Damu ikizubaa, au ikienda mbele na kurudi nyuma, ukuta ule hushtuka, ukatoa vishikizo ambavyo chembechembe nyeupe hunasa juu yake. Zikishanasa hupenya ndani ya ukuta, na hata ndani ya vali zenyewe, zikamwaga vimeng'enya vyenye kula nyuzi zinazozipa vena nguvu. Vali zikazidi kulegea, damu ikazidi kurudi chini, shinikizo likapanda, na askari wengine wakaitwa. Hali hii ya mwili kuwaka wenyewe, yenye joto, uvimbe na maumivu, madaktari huiita inflamesheni. Kamusi zetu zina neno mchochota, neno zuri ambalo halitumiki vya kutosha.

Kutoka kwenye vena moto huo hufika kwenye kapilari, vile vijishipa vyembamba kuliko unywele. Hivi huanza kuvuja. Maji hutoka, ndiyo ule uvimbe wa jioni unaoacha alama ya soksi. Protini hutoka. Chembechembe nyekundu nazo hutoka, zikavunjika chini ya ngozi na kuacha madini yake ya chuma, nayo chuma hiyo huipa ngozi rangi ya kutu na huuchochea mchochota upya. Mafuta ya chini ya ngozi huwa makovu, ngozi ikakakamaa, mguu ukawa mwembamba kifundoni na mnene juu, mfano wa chupa iliyopinduliwa. Ngozi ya namna hiyo haihitaji kutegewa kitu. Pembe ya kitanda inatosha, au ukucha wa mtu mwenyewe akijikuna usiku.

Hapa tuseme neno kwa ajili ya ngozi zetu. Vitabu vingi huandika kwamba mguu huwa mwekundu. Vimeandikwa na watu wenye ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida au hauonekani kabisa. Kwetu dalili ni weusi uliozidi weusi wa mguu mwenyewe, mng'ao, ukavu wenye magamba kama ukurutu, mwasho, na joto linalosikika kwa mgongo wa kiganja. Tazameni upande wa ndani wa vifundo vyenu leo jioni kabla ya kulala, kisha tazameni na vya mama zenu.

Sisi wenyewe tulitazama vyetu tukiwa tumechelewa. Miaka thelathini na minne tulisimama mbele ya ubao, na tulipostaafu vifundo vyote viwili vilikuwa vimeiva rangi ya tende. Daktari mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa alikuwa na haraka lakini hakuwa na nia mbaya, aliyashika joto yake akasema ni maambukizo. Tulimaliza dozi tatu za viuavijasumu, na tumbo ndilo lililoathirika. Baadaye tulifunzwa jambo ambalo tungependa kila nyumba ilijue: maambukizo ya ngozi kwa kawaida huja ghafla, katika mguu mmoja, pamoja na homa na maumivu yanayotambaa. Miguu miwili ikiwa na joto na weusi sawasawa, tena kwa miezi, ni nadra sana kuwa vijidudu. Ni mchochota wa vena. Viuavijasumu havizimi moto huu, kwa sababu haukuwashwa na vijidudu. Homa ikija, au usaha, au uvimbe unaopanda kwa kasi, hilo ni jambo jingine na ni la kukimbizwa siku ile ile.

Ni nini basi kinachouzima? Jibu ni la kawaida mno kiasi kwamba watu hawaliamini: bendeji. Si kitambaa cha kufunika donda, bali bendeji ya kubana, inayofungwa kwa ustadi kutoka mizizi ya vidole hadi chini ya goti, kwa nguvu zaidi kifundoni na kwa kulegea kadiri inavyopanda. Hospitali ya Charing Cross ya London ilijenga katika miaka ya 1980 utaratibu wa tabaka nne unaobana kwa milimita 40 hivi za zebaki. Ikishafungwa vizuri, vena husinyaa, damu huenda kwa kasi, uvujaji hupungua, na ukuta ulioshtuka hutulia. Askari hawaitwi tena. Donda huanza kujifunga lenyewe kutoka pembeni, kwa wiki na miezi. Dawa ya juu, iwe ghali iwe rahisi, huja nyuma ya hilo.

Tunajua swali litakaloulizwa: na asali? Asali ina heshima yake katika dini yetu, na hatuko hapa kuivunja. Huko New Zealand mwaka 2008 walichapisha jaribio la wagonjwa 368 wenye madonda haya, wote wakifungwa bendeji za kubana, baadhi wakiongezewa kitambaa chenye asali. Baada ya wiki kumi na mbili, waliowekewa asali hawakuonekana kuwapita wenzao. Tunalielewa hivi: kazi kubwa ilifanywa na bendeji. Anayetia asali na kuacha kubana anajaza mtungi uliopasuka.

Onyo moja ni lazima lizingatiwe. Kabla mguu haujabanwa, ni lazima ijulikane kwamba damu inayoshuka inafika vizuri. Nesi au daktari hupima shinikizo la damu kifundoni na mkononi kwa kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti, akagawanya la kwanza kwa la pili. Jawabu likiwa chini ya 0.8, mishipa ya kushusha damu ina kasoro, na kubana kwa nguvu kunaweza kuuua mguu. Wenye kisukari na wavuta sigara wanahusika zaidi. Kwa hiyo asifungwe mtu na shangazi yake kwa bendeji ya dukani kwa sababu amesoma kijarida hiki.

Na si kila donda la mguu ni hili. Donda la chini ya wayo kwa mwenye kisukari ni jingine, na huyo jirani aliyekatwa mguu huenda alikuwa na hilo. Kijana mwenye selimundu hutokwa na madonda vifundoni kwa sababu nyingine. Matende, tuliyoyazoea Pwani, huvimbisha mpaka wayo na vidole. Donda lenye kingo zilizoinuka kama koliflawa linataka kukatwa kipande kidogo likapimwe saratani. Ila hili la vena ndilo linalowapata wengi, na mara chache sana ndilo humfikisha mtu kwenye kukatwa mguu. Mama yule tulipomwambia neno hilo alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama tuna hakika.

Baada ya bendeji, au sambamba nayo, vena mbovu ya juu juu yaweza kuzibwa ili isiendelee kurudisha damu chini. Uingereza walilipima jambo hili mara mbili. Katika jaribio la wagonjwa 500 lililochapishwa mwaka 2004, waliopasuliwa pamoja na kubanwa walirudiwa na donda asilimia 12 tu katika mwaka mmoja, na waliobanwa peke yake asilimia 28. Mwaka 2018, katika wagonjwa 450, waliozibwa vena mapema kwa joto au kwa sindano ya povu walipona kwa siku 56, na waliocheleweshwa kwa siku 82. Hizo ni za mgonjwa wa katikati ya safu. Donda likishapona, soksi za kubana huvaliwa kila siku, tangu kuamka hadi kulala, kwa maisha. Hapa ndipo wengi hushindwa, hasa katika joto la Durban la mwezi wa Januari, nasi hatuna dawa ya hilo isipokuwa kusema kwamba tunazivaa.

Wanawake kadhaa wametuambia kwamba walifungua bendeji wenyewe kwa ajili ya udhu, mara tano kwa siku, mpaka ikakosa maana. Hili halikuhitajiwa. Vitabu vya fiqhi vina mlango mzima wa jabira. Sehemu nzima huoshwa, na juu ya kitambaa hupakwa maji. Katika madhehebu yetu ya Shafi huongezwa kutayamamu, wakati ndugu zetu Mahanafi, ambao ndio wengi katika misikiti ya hapa Durban, huona kupaka kunatosha. Ushauri wetu wa kimatendo ni mmoja: mtu atawadhe kabla ya kwenda kwa nesi, ili bendeji ifungwe akiwa na udhu, kisha masuala yaliyobaki amuulize sheikh wake. Soksi zinazovuliwa kila siku zina hukumu yake, nayo pia iulizwe. Kwa mwenye kusimama muda mrefu katika tarawehe, ainue visigino kati ya rakaa, na akiwa na udhuru, kiti si aibu.

Imebaki habari ya mlango wa kuingilia. Mwaka 2025 makundi ya watu yalisimama malangoni mwa baadhi ya zahanati na hospitali za umma hapa Durban, yakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni. Tangu hapo wako wanaoficha madonda kwa hofu nyingine tena. Katiba ya nchi hii ya mwaka 1996, katika kifungu cha 27, husema juu ya kila mtu, si kila raia, kuwa na haki ya kuzifikia huduma za afya, na Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 imeifanya huduma ya zahanati kuwa bure kwa asiye na bima ya matibabu. Tunajua kwamba karatasi haimsindikizi mtu getini. Basi tusindikizane sisi. Mgonjwa aanze zahanati ya karibu, aende asubuhi, asiende peke yake, achukue karatasi zote alizo nazo, na aombe barua ya kupelekwa hospitali ya R. K. Khan iliyopo Chatsworth. Huko, wakiona haja, ndiko huandikiwa barua ya Inkosi Albert Luthuli, hospitali ambayo haimpokei mtu bila barua. Hospitali ya Clairwood, ingawa ndiyo iliyopo hapa Mobeni, hupokea wanaohamishwa kutoka hospitali nyingine, kwa hiyo si pa kuanzia. Akifika mbele ya daktari aseme maneno mawili: kwamba donda limepita wiki mbili bila kupona, na kwamba anaomba apimwe kama mguu waweza kubanwa.

Mama yetu alipimwa. Jawabu lake lilikuwa 1.0, na tangu wiki ya kwanza ya mwezi wa Mfunguo Mosi anafungwa mara moja kwa wiki. Binti yake huweka karatasi safi ya nailoni juu ya donda kila bendeji inapobadilishwa, akalichora mzunguko wake kwa kalamu, akaandika tarehe. Zimefika karatasi kumi na nne, nazo zimebandikwa ukutani jikoni kwa mpangilio, ya kwanza pana kama kitanga, ya mwisho ingefunikwa na punje mbili za mahindi. Nauli ya Mombasa haikukatwa. Tulipokwenda Ijumaa iliyopita tulimkuta ameketi, miguu juu ya stuli, juu zaidi ya kiuno, akichambua mchele. Udi haukuwa umefukizwa.